Majina Makubwa ya Miji Midogo: Musoma, Bunda na Butiama katika Kiswahili

Msafiri atokaye Mwanza kwa njia kuu iendayo kaskazini, akisha kupita Magu na Lamadi, na lango la Ndabaka liingizalo watu katika mbuga ya Serengeti, hufika Bunda. Basi husimama hapo kitambo kidogo. Wachuuzi huinua vikapu na mabeseni yao mpaka madirishani, kisha safari huendelea. Mbele iko njia panda iitwayo Makutano. Mkono wa kushoto ni Musoma na ziwa; mkono wa kulia ni Butiama, na njia iendeleayo mpaka Natta na Mugumu; mbele moja kwa moja ni Tarime na Sirari, mpakani mwa Kenya. Mahali hapa patatu mtu aweza kupazungukia kwa siku moja, na jioni akalala Musoma akisikiliza mawimbi. Walakini majina yake yametangaa katika Afrika nzima, na nje ya Afrika, kwa kadiri isiyolingana hata kidogo na ukubwa wa miji yenyewe. Musoma, ulio mkubwa kati ya hiyo, ulihesabiwa watu zaidi kidogo ya 134,000 katika sensa ya 2012. Bunda ni mji wa njiani. Butiama hata leo, baada ya kupewa wilaya yenye jina lake mwaka 2012, ni kijiji kwa macho ya mtu yeyote ashukaye garini.

Sikusudii kuusifu umashuhuri huo. Nataka kukosoa namna tunavyoyatumia na kuyafasiri majina haya sisi wenye kuandika Kiswahili: waandishi wa magazeti, watunzi wa vitabu vya shule, na, niseme kweli, wanafunzi wetu wa vyuo vikuu pamoja na walimu wao. Nadhani tumeyatwaa majina ya watu wa Mara, tukayavika nguo zetu, kisha tukawaeleza wenyewe kwamba hizo ndizo nguo walizozaliwa nazo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto shuleni mwalimu wetu alitufundisha kwamba Musoma maana yake ni mahali pa kusoma. Alituambia tuandike, tukaandika. Habari hiyo nilikwenda nayo mpaka ng'ambo nilikosomea udaktari, na siku moja, mbele ya profesa mmoja aliyetaka kujua maana ya majina ya kwetu, nikaitoa kwa fahari. Yule bwana hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: kama ni hivyo, nomino hiyo imeundwaje? Nikanyamaza. Aibu ya siku ile ndiyo asili ya makala hii, ijapokuwa miaka mingi imepita.

Tulijibu sasa swali lile. Katika Kiswahili, mtu afanyaye tendo hutajwa kwa kiishio cha -i au -aji: msomi, msomaji. Ipo na namna ya kiishio cha -a, lakini hiyo haisimami peke yake. Yataka neno la kuikamilisha, kama vile mla nyama, mfa maji, mpanda farasi. Husemwi kuwa wewe ni "mla" watu wakaridhika. Watauliza, mla nini? Basi "Musoma" kwa maana ya mtu asomaye ingekuwa nusu ya neno, nayo nusu ya pili imepotea. Na kwa maana ya mahali ni vibaya zaidi, maana Kiswahili hakina njia ya kupata "mahali pa kusoma" kwa kutanguliza mu- mbele ya shina la kitendo. Tungetazamia somo, au masomoni, au chuo. Tena Kiswahili sanifu kingelitamka jina hilo Msoma, kwa m- isiyo na irabu, kama tutamkavyo mtu na mti. Irabu ile u katikati ya m na s ni ushahidi ulio wazi kwamba jina hili halikuzaliwa pwani.

Wakwaya, ambao ndio wenyeji wa rasi ile, wana neno lao, omusoma, ambalo maana yake ni ncha ya nchi iliyoingia ziwani. Yaani kama sisi tusemavyo rasi. Atakaye hakika na apande mlimani atazame: mji umekaa juu ya ulimi wa nchi, maji huku na maji huku. Neno limetimiza sheria zote. Lina irabu ya mwanzo o-, kama ilivyo desturi katika lugha nyingi za ziwa. Lina kiambishi mu- cha ngeli ya pili ya kuhesabu kwa umoja na wingi, ile ya miti. Nalo lina shina. Kiswahili hakina irabu ya mwanzo, kwa hiyo kikaidondosha, kikabakiza Musoma. Ndivyo lilivyosafiri jina, na hapana haja ya hadithi nyingine.

Kwa nini basi hadithi ya kusoma ikashinda? Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikatoa azimio juu ya elimu. Mpango wa awali ulikuwa kwamba watoto wote wa Tanzania wawe wamepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989. Halmashauri ikauvuta muda huo nyuma hata Novemba 1977, yaani miaka 3 tu mbele. Tena ikaamua kwamba kijana amalizaye kidato cha 6 asiende moja kwa moja chuo kikuu, bali afanye kazi kwanza, na ashuhudiwe tabia yake kazini. Masharti hayo yakaja kulegezwa baadaye. Azimio la Musoma likaingia katika kila kitabu cha historia ya elimu, katika mitihani, katika tasnifu zilizoandikwa Dar es Salaam, London na Stockholm. Likaingia pia katika maisha ya watu wasiosoma vitabu, maana ndilo lililoleta madarasa mapya vijijini, na walimu walioandaliwa kwa haraka huku wakifundisha. Wananchi, ambao ulimi wao haulali, waliziona herufi za UPE, zilizokuwa kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, wakazisoma kwa Kiswahili: Ualimu Pasipo Elimu. Dhihaka hiyo ilikuwa kali, na mara nyingi ilikosa haki, kwa sababu walimu wale ndio waliotufundisha wengi wetu kushika kalamu.

Sasa msomaji aweza kuona. Jina lililofanana kwa sauti na kusoma limekutana na azimio juu ya kusoma. Mtu gani mwenye ulimi wa Kiswahili angeiacha bahati kama hiyo? Wahutubu hawakuiacha. Wala siwalaumu wahutubu. Kazi yao ni kuchezea maneno ili watu wakumbuke. Nawalaumu wale walioupokea mchezo wakauandika kuwa elimu. Maana fumbo la jukwaani likisha kuandikwa ubaoni huwa jibu la mtihani, na mtoto wa Kikwaya aliyemsikia bibi yake akisema omusoma kwa maana ya rasi hupigiwa alama ya kosa. Hilo nililiona kwa macho yangu, si katika shule ile yangu ya kwanza, bali katika daftari la mtoto aliyekuwa kidato cha 2.

Jambo la pili katika azimio hilo ni sarufi yake. Kiunganishi -a cha Kiswahili hubeba mizigo mingi. "Azimio la Arusha" ni azimio lililotangazwa Arusha mwaka 1967. "Azimio la Iringa" ni lile la 1972 la Siasa ni Kilimo. "Azimio la Musoma" kadhalika. Lakini "la" hiyohiyo ingeweza kumaanisha azimio lililofanywa na watu wa Musoma, au azimio juu ya Musoma. Waingereza, kwa bahati, hutumia maneno mawili mbalimbali kwa la Arusha na la Musoma. Kwao la kwanza ni tangazo na la pili ni uamuzi wa kikao. Kiswahili kimeyaita yote azimio, na kwa njia hiyo kimeyaweka katika ukoo mmoja, mkubwa na mdogo wakiitana ndugu. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Musoma akisema kwa kicheko kwamba wao walilaumiwa nchi nzima kwa habari ya walimu wa haraka, hali kazi waliyofanya wao ilikuwa kuwapikia wageni samaki. Alikuwa akitania, lakini utani wake ulikuwa uchambuzi mzuri wa kiunganishi -a kuliko wangu.

Yako na mabadiliko mengine katika upatanisho wa ngeli, ambayo sidhani kama yametazamwa vya kutosha. Jina la mahali katika Kiswahili laweza kupatana kwa ngeli za mahali au kwa ngeli ya 9. Twasema, "Butiama pana mawe makubwa", na "Musoma kumetulia leo", na twasema pia, "Musoma imekua". Mwenyeji huchagua apendavyo. Lakini jina likisha kuwa la tukio, uchaguzi huo huondoka. Husema mwandishi, "Musoma ilibadili sura ya elimu". Hawezi kusema "Musoma palibadili" wala "kulibadili". Na husemwa, "kabla ya Musoma" na "baada ya Musoma", kana kwamba ni mwaka wala si mji. Basi tuna kipimo chema. Tukitaka kujua jina la mahali limehama kiasi gani kutoka mahali pake, tujaribu kulipatanisha kwa pa- na ku-. Likikataa, tujue ya kuwa tunazungumza juu ya jambo lililotukia, na mji wenyewe umeachwa nyuma.

Hali hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Kijana wa kwetu asimamaye katika mstari wa ubalozi akitafuta viza ya Schengen hajui, wala hapana amwambiaye, kwamba Schengen ni kijiji cha wakulima wa mizabibu huko Luxembourg, kando ya mto Moselle, ambako mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1985. Wachumi wetu hutaja Bretton Woods kila siku, na kwa wengi wao hilo ni jina la mabenki. Kumbe ni mahali pa mapumziko milimani huko New Hampshire, ambako wajumbe walikutana katika hoteli mwaka 1944. Waterloo nayo ilikuwa kijiji. Lakini iko tofauti moja. Watu wa Schengen hawakuambiwa na mtu kwamba jina lao maana yake ni viza.

Nageukia Butiama. Hapa umashuhuri umetokana na mtu mmoja. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa huko mwezi wa Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Akarudi huko alipostaafu. Akazikwa huko Oktoba 1999. Tangu hapo kijiji kimekuwa mahali pa kuzuru. Waandishi wa maisha yake wengi hawakosi kutueleza kwamba Nyerere ni viwavi katika Kizanaki, na kwamba Kambarage ni jina la mzimu wa mvua. Ni vyema. Lakini hao hao wafikapo kwenye jina la kijiji hulipita kama mtu apitavyo jiwe la maili.

Jina lenyewe lina la kutufundisha. Bu- ya mwanzo ni ile ile tuionayo katika Buganda, Buha, Buhaya na Buzanaki, na desturi ya Kiswahili ni kuigeuza kuwa U-: Uganda, Uha, Uhaya, Uzanaki. Mbona basi hatusemi Utiama? Wala hatusemi Ukoba kwa Bukoba, wala "Unda" kwa Bunda. Jibu langu ni hili. Kiswahili hakigeuzi sauti tu. Hugeuza jina pale linapoingia katika mfuatano wake wa watu, lugha na nchi: Mzanaki, Wazanaki, Kizanaki, Uzanaki. Jina lenye watu wake na lugha yake hupokewa kwa viungo vyote. Butiama haina Watiama wala Kitiama. Ni jina la mahali tu, na kwa hiyo limeingia zima, kama mgeni aliyekaribishwa barazani asiingizwe ndani. Ushahidi wa kinyume wauthibitisha huo huo. Kuna Buganda na kuna Uganda, na maana zake sasa ni mbili, ufalme na dola. Na nchi iliyoitwa Urundi katika vitabu vya zamani vya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1962 iliitwa Burundi, na Kiswahili kikatii. Kwa kuwa jina sasa lilikuwa la dola yenye bendera, si neno la mfuatano wetu.

Ndani ya Butiama kuna pahali paitwapo Mwitongo, ambapo ndipo penye makazi ya Mwalimu na kaburi lake. Magazeti huandika Mwitongo kana kwamba ni jina la nyumba. Mtu ajuaye lugha za Kibantu hulifungua mara moja: mu- ya mahali, yaani ndani, pamoja na itongo. Shina -tongo lapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, nalo maana yake ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wa kale wakaondoka. Mu- ikikutana na i- hupatikana mwi-. Kwa hiyo Mwitongo ni "mahameni". Mtu aliyeongoza nchi, na ambaye kwa siasa yake mamilioni walihamishwa kwenda vijiji vipya katika miaka ya 1970, hata wakaacha mahame nchi nzima, amelala mahali paitwapo mahameni. Sitaki kulifanya hilo fumbo; jina lilikuwapo kabla yake na kabla ya siasa hiyo. Nataka tu kusema kwamba katika kurasa nyingi nilizosoma juu ya kaburi lile, sikuona mwandishi wa Kiswahili aliyelifasiri neno, hali kulifasiri kwahitaji dakika 2. Shule ya Mwisenge pale Musoma, ambako Mwalimu alipelekwa mwaka 1934, kama maili 26 kutoka kwao, yaelekea kuwa na kiambishi hicho hicho.

Butiama nayo imekwisha kupitia njia ya Musoma. Mwezi wa Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana huko kujadili mwafaka wa Zanzibar, ikataka wananchi wa Zanzibar waulizwe kwa kura ya maoni juu ya serikali ya pamoja. Kwa miezi mingi baadaye "Butiama" magazetini ilikuwa jina la uamuzi huo: walioufurahia Butiama, waliochukizwa na Butiama. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 31 Julai 2010, na baada ya hapo maana hiyo ya jina ikafifia haraka. Hii yatuonyesha kuwa si kila maana mpya hudumu. Ile ya Musoma ilidumu kwa sababu ilishikiliwa na shule na mitihani; ile ya Butiama ya 2008 haikupata mshikaji.

Maana iliyodumu ya Butiama ni nyingine: kwenda Butiama ni kwenda kwa Mwalimu, hata sasa ambapo Mwalimu hayupo. Katika matumizi haya Butiama imekuwa ya kwanza katika orodha ambayo inarefuka. Lupaso ya Mkapa, Msoga ya Kikwete, Chato ya Magufuli, Kizimkazi ya Samia: vyote ni vijiji au miji midogo ambayo majina yake yamekuwa majina ya watu. Kogelo ya Kenya yajulikana ulimwenguni kwa sababu ya baba yake Barack Obama. Katika hizo Kizimkazi ni ya pekee, maana sisi wa fani hii tuliijua zamani kwa maandishi ya msikiti wake ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na sasa yatupasa kuwaeleza wanafunzi kwamba umashuhuri ulianza na jiwe. Kuna na meli ya Ziwa Victoria iliyokuwa ikiitwa Butiama kwa urahisi, ambayo ilipotengenezwa upya mwaka 2020 ikapewa jina la New Butiama Hapa Kazi Tu. Kiingereza, jina la Uzanaki na kauli ya uchaguzi wa 2015 vimepakizwa katika ubavu mmoja wa meli. Msahihishaji angeupunguza mzigo ule kabla ya kung'oa nanga.

Na Bunda? Bunda haikupata azimio wala kaburi. Hujulikana kwa makondakta, kwa watalii waingiao Serengeti kwa upande wa magharibi, na kwa wapanda magari waelekeao Kisorya na Ukerewe. Mawakili huijua kwa sababu ya uchaguzi wa 1995, Stephen Wasira alipomshinda Joseph Warioba, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na matokeo yakabatilishwa mahakamani. Wafuatao siasa huijua tena kwa uchaguzi wa 2015. Kwa Mswahili wa pwani jina hilo ni bunda la karatasi au la noti, na vichwa vya habari havikosi kulichezea. Jina la mkoa wenyewe, Mara, ambalo ni la mto utokao Kenya, hugongana na mara moja na mara mbili. Na Mugumu, makao ya Wilaya ya Serengeti, masikioni mwetu huwa "mgumu". Hata jina la Wakwaya huwatia watu mashakani: mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba Wakwaya waliitwa hivyo kwa kupenda kuimba kanisani. Sikumkasirikia. Alikuwa akifuata kanuni tuliyomfundisha, kwamba jina lolote lifunguliwe kwa ufunguo wa Kiswahili.

Rafiki yangu mmoja, ambaye naye ni mwalimu wa lugha, amenipinga katika jambo hili, na hoja yake yafaa isikilizwe. Asema kwamba tafsiri za watu ni lugha pia. Kwamba mji wenye wenyeji wa makabila mengi, ambao lugha yao ya sokoni ni Kiswahili, una haki ya kulisikia jina lake kwa Kiswahili. Na kwamba Musoma ya kusoma ni kweli ya pili, iliyo changa lakini hai. Nakubali nusu. Ningependa hadithi hiyo iandikwe, pamoja na wakati wake na sababu yake, kama ushahidi wa namna siasa ya 1974 ilivyoingia katika masikio ya watu. Lakini hai haina maana ya sawa. Hadithi ya kusoma haikai kando ya ile ya rasi kwa amani, yaifukuza. Nilipowauliza vijana watatu wa Kikwaya pale ufukoni neno la kwao la rasi, wawili walinipa neno la Kiswahili. Wa tatu alisema omusoma, kisha akacheka, akasema, "Hapana, huo ni mji." Jina limekuwa kubwa hata limeimeza nomino iliyolizaa. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana nomino ikisha kumezwa hapana mtu atakayeweza tena kuusahihisha ubao wa shule.

Mfano mwema tunao jirani, ng'ambo ya ghuba. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kitabu chake kikubwa juu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kukifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Majina ya watu wake hakuyabadili. Bulihwali hakumfanya kuwa Ulihwali ili apendeze masikioni mwa mtu wa Tanga. Jina hilo kwa Kikerewe ni sentensi nzima, lauliza msiba utakwisha lini, na bu- iliyo mwanzoni ni upatanisho wa kitendo, si ile ya nchi. Mwandishi aliyeyaacha majina katika lugha yake aliwapa wasomaji kazi kidogo na wenye lugha heshima kubwa. Vitabu vyetu vya jiografia havijafika hapo alipofika mzee yule, ambaye kazi yake ilingoja miaka 35 kupata mchapishaji.

Lipo la kufanyika, nalo si gumu. Kazi ya Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilituonyesha lugha ziko wapi na zina wasemaji wangapi. Majina ya mahali yangojea kazi ya namna hiyo. Kila jina na liandikwe kwanza kama wasemavyo wenye lugha, pamoja na irabu yake ya mwanzo na toni zake. Maana tahajia yetu haionyeshi toni, na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho huzifuta zote, tukabaki na Musóma na Butiáma kama tusemavyo maneno mengine yote. Chini yake liandikwe umbo la Kiswahili, na umbo la Wajerumani ikiwa lipo, kama vile Muansa na Schirati. Kisha sura ya mahali: rasi, kilima, mahame, kijito. Mwisho kabisa ziwekwe hadithi, na kila hadithi na mwaka iliposikiwa. Anayeandika asiketi ofisini Musoma mjini. Ashuke Makutano, jina ambalo nalo ni la Kiswahili kitupu, lililozaliwa na barabara, na awaulize wazee waliokuwako kabla ya njia kupasuliwa mahali pale paliitwaje.